Kamera Iliyonisindikiza Chooni

Jumatatu, chai yangu ikiwa bado ya moto, simu ikalia. Mpwa wangu wa Doha. Kwa desturi huyo huanza na "Mulembe, Khotsa", yaani salamu kwa mjomba, kisha mvua, kisha mahindi, kisha ng'ombe, kisha bei ya mbolea, na baada ya robo saa ndipo anapoingia kwenye jambo lenyewe. Siku hiyo aliruka yote.

"Khotsa, tumbo limetulia?"

Nikamuuliza nani amemwambia nina tumbo. Akacheka hadi akapaliwa. Hakuambiwa na mtu. Alijionea kwa macho yake, akiwa kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli anakofanya kazi, simu ameiegemeza kwenye rundo la taulo. Aliniona nikiinuka benchi la tano katikati ya mahubiri, nikishika njia ya kati kwa heshima zote, nikikata mbele ya mimbari kichwa nimekiinamisha, nikiongeza mwendo mbele ya kina mama, nikifungua mlango wa ubavuni na kupinda kona kuelekea nyuma ya kanisa. Picha, alisema, ilikuwa safi ajabu. Hata soksi zilionekana hazifanani.

Nimeishi Musanda miaka 60 na ushei. Msalani nimekwenda mara zisizo na idadi, kiangazi na masika, na sikuwahi kusindikizwa na mtu. Sasa nimesindikizwa na Qatar, Minnesota na sehemu kubwa ya Nairobi.

Ningefurahi sana kumlaumu mtu. Tabu ni kwamba kamera ile niliichagua mimi.

Kwa asiyetufahamu, Musanda ni wadi ya Mumias Magharibi, kaunti ya Kakamega, nchi ya Wawanga. Miwa kushoto, miwa kulia, na kanisa letu la mabati katikati. Jina la dhehebu sitalitaja, maana mchungaji husoma magazeti.

Mambo haya ya laivu yalituingia mwaka 2020. Mwezi wa Machi serikali ilifunga nyumba za ibada kwa sababu ya korona. Mwezi wa Julai ikazifungua kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, watoto wa chini ya miaka 13 wabaki nyumbani, na wazee waliopita miaka 58 pia wabaki. Kwetu, ukiondoa watoto na ukiondoa waliopita 58, unabaki na mchungaji, nusu ya kwaya na yule jamaa anayenadi kuku wa sadaka. Na hiyo saa moja, kwetu ni muda wa matangazo tu, tena Jumapili ambayo hakuna harusi.

Basi vijana wakafunga simu kwenye kistendi cha nota za kwaya kwa kipande cha blada, wakawasha Facebook, na tuliokatazwa kwenda kanisani tukawa tunaliona kanisa likiwa limelala ubavu. Korona ikapita. Kistendi nacho kikavunjika, na mahali pake akasimama kijana wetu wa mitambo, simu mkononi, mbele ya madhabahu. Kwa miaka mitatu tulimwabudu Mungu tukitazama kisogo cha kijana huyo. Akinyoa, tulijua. Siku ya harusi ya binti wa mwenyekiti alisimama kati ya bwana harusi na bibi harusi ili apate pete vizuri, na katika picha za ukumbusho ni kama wameoana watu watatu.

Wazungu walilijua tatizo hili mapema. Ibada ya kwanza kurushwa redioni inayokumbukwa Marekani ilitoka kanisa la Calvary mjini Pittsburgh, tarehe 2 Januari 1921, kupitia kituo cha KDKA. Mafundi wawili wa redio walilazimika kuwa ndani ya kanisa na mitambo yao, na ili waumini wasibabaike, wakavishwa majoho ya kwaya. Niliieleza kamati kisa hiki nikitumaini kwamba tutamvisha kijana joho na mambo yataishia hapo, bila gharama. Mama Mchungaji akasema majoho yenyewe hayatoshi wanakwaya, na mawili yana panya.

Hivyo ndivyo tulivyofikia kamera ya rimoti.

Kamati ilikuwa na watu saba, na kati yao watano simu zao ni kabambe, zile za kubofya. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu mstaafu na katibu, nilitumwa Nairobi pamoja na mweka hazina. Kijana tulimwacha ili kupunguza nauli. Zamani, malipo ya miwa yakitoka, harambee ya kanisa iliweza kununua hata piano. Siku hizi kalenda yetu ni mishahara ya watoto walio nje: wa Ghuba hutuma mwisho wa mwezi, wa Marekani hutuma wakikumbuka. Mheshimiwa mmoja naye alituahidi kamera mazishini, tena "ile kubwa", na tunamsubiri bado. Mwezi Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa mchango wa Rais kwa kanisa moja la Soweto, mchungaji wetu alisema hata sisi tungekataa. Mwenyekiti alikohoa kwa muda mrefu.

Luthuli Avenue ukiingia na bahasha ya kanisa, wanainusa. Muuzaji alitushika mkono, akatukalisha kwenye viti vya plastiki, akatuletea soda. Mzee anayeletewa soda dukani Nairobi ajue soda hiyo atailipia.

"Wazee wangu, kamera mnayotaka inaitwa PTZ. Inazunguka, inainama, inavuta kilicho mbali. Hii hapa ina zumu 192."

Mia moja tisini na mbili! Mweka hazina alinitazama kana kwamba tumepata dhahabu ya mgodi wa Rosterman. Nikauliza zumu hizo zote zimeingiaje kwenye kitu cha ukubwa wa sufuria ya uji. Jamaa akatabasamu. Baadaye sana, soda ikiwa imekwisha tumboni na pesa mfukoni, kijana wetu alinifafanulia hesabu. Lenzi ina vioo vinavyosogea ndani, navyo huvuta mara 12. Hiyo ni zumu ya haki. Kisha kuna zumu ya dijitali, ambayo haivuti kitu: kamera huikata picha ile ile na kuipanua, mara 16. Muuzaji alichukua 12 akazidisha kwa 16. Ni sawa na mama aliyepata wageni ghafla akaongeza maji kwenye mchuzi wa kuku. Bakuli zinajaa, lakini kuku ni yule yule mmoja. Tulipoijaribu zumu hiyo ya pili, uso wa mchungaji ukageuka ukuta wa matofali, na pua yake ilikuwa tofali moja la katikati.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba tuliyouziwa haikuwa kamera ya ibada. Ilikuwa kamera ya wezi. Ni zile za usalama, zenye kichwa cha mviringo, wanazofunga kwenye maduka na mabenki. Nazo huzunguka, huinama na huvuta, hivyo jamaa hakusema uongo, alinyamaza tu mahali pazuri. Kamera hiyo haina tundu la kutolea picha moja kwa moja. Picha hupitia kwenye mtandao wake wa ndani, hufika kwenye kompyuta ikiwa imechelewa sekunde mbili hivi, ilhali sauti kutoka kwenye miksa hufika papo hapo. Sauti inatangulia na picha inakuja nyuma ikichechemea. Mchungaji alisema "Amina" huku mdomo wake ukiwa bado kwenye "Baba yetu". Wimbo uliisha na vinywa vya wanakwaya vikaendelea. Dada mmoja aliye Minnesota aliandika kuuliza kama tumeanza kutafsiri ibada kutoka lugha nyingine.

Kisha ule mgeuko wake! Ulikuwa wa kushtuka, tak, tak, tak, kama shingo ya bundi. Mnajua bundi kwetu si ndege wa kuchekea, na bundi juu ya nguzo ya kanisa, anayemgeukia mzee mmoja baada ya mwingine na kusimama, ni jambo la kumfanya mtu aandike wasia. Wazee wawili walihamia benchi la nyuma. Tukaomba kuirudisha dukani. Risiti ilisema bidhaa ikiuzwa hairudi. Leo inalinda stoo ya mahindi ya sadaka, na kwa kweli kazi hiyo inaiweza.

Mara ya pili nilikaa na kijana siku tatu nikijifunza, daftari mkononi, kama mtu anayefanya mtihani wa shule ya msingi upya. Bei tulizoletewa zilianzia 60,000 na kuvuka laki tatu, na kila muuzaji alikuwa na herufi zake. Mwenyekiti alitaka ya 4K kwa sababu shemeji yake ana televisheni ya 4K. Nikafanya hesabu ubaoni. Picha ya kawaida ya 1080 ikirushwa vizuri hutumia megabiti 6 hivi kwa sekunde. Kwa saa moja hizo ni gigabaiti 2.7. Ibada yetu ni saa nne bila mnada, kwa hiyo karibu gigabaiti 11 kila Jumapili, na hapo hujagusa hiyo 4K. Na bado aliyeko upande wa pili anatazama kwa bando lake mwenyewe, kwenye simu yenye ufa tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nikauliza kamati: huo ufa nao tunataka uonekane kwa 4K? Tukakubaliana 1080 kwa kurekodi na 720 kwa kurusha, inayokula nusu tu. Mwenyekiti aliomba kumbukumbu zionyeshe kwamba alipinga.

Ikaja habari ya mahali pa kuifunga. Kila mtu alidhani ni ukuta wa nyuma, juu, kama saa. Kijana akapanda ngazi na simu yake akatupigia picha kutoka hapo. Ilikuwa bahari ya visogo, na katikati ya bahari, mfano wa kisiwa, upara wangu. Pia nyuma ya madhabahu tuna dirisha kubwa la vioo, na kamera ikilitazama jua la saa nne, mchungaji anakuwa kivuli kinachopunga mikono. Hivyo tukachagua nguzo ya ubavuni, upande wa kushoto, ya pili kutoka mbele. Kutoka hapo mimbari unaiona kwa pembeni bila kupambana na dirisha, na ikigeuka inawaona waumini nyusoni. Kamera nzuri za aina hii huzunguka digrii 170 kila upande, kwa hiyo hakuna pembe ya kujificha. Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika kwenye taarifa yangu kama sifa.

Kutoka kwenye nguzo hadi meza ya mitambo, kebo ikipita ukutani, ni mita 22. Kebo ya HDMI, ile ya televisheni, ikizidi mita 15 hivi huanza kukatakata picha kama stima ya kijijini. Ile ya SDI huenda hata mita 100. Lakini kijana alitaka kebo ya mtandao, akaeleza kwa macho yanayong'aa: "Mzee, hii ni moja tu. Picha inapita humu humu, stima ya kamera inapita humu humu, na amri za rimoti zinapita humu humu. Vitu vitatu, kebo moja."

Mzee wa kanisa aliyekuwa amesinzia tangu mkutano uanze akainua kichwa. "Kama Utatu Mtakatifu," akasema, akalala tena. Hoja ikapita bila kura.

Kuna kitu kimoja kwenye masomo hayo kilichonifurahisha kweli. Amri za rimoti zina lugha yake, inaitwa VISCA. Waliianzisha Sony, na sasa hata makampuni mengine huisema, kila moja na lafudhi yake, na wakati mwingine hawaelewani vizuri lakini kazi inakwenda. Nikaona ni Kiswahili hicho, kama kile walichotuletea Mumias watu wa misafara kutoka pwani, nasi tukakipinda tulivyotaka.

Ilipofungwa, siku ya kwanza picha ilijaa mistari myeusi iliyopanda polepole kutoka chini kwenda juu, kama maji yanayojaa kwenye tangi. Mama Mchungaji akashika maombi. Kijana akaingia kwenye menyu, akakuta kamera imeandaliwa kwa stima ya nchi za watu, inayopiga mara 60 kwa sekunde. Yetu hupiga mara 50, na taa za kanisa hupepesa kwa mapigo hayo. Akabadilisha tarakimu moja. Mistari ikaisha. Maombi yaliendelea hata hivyo, maana yalikuwa yameshafika kwa wagonjwa.

Maikrofoni ya kamera yenyewe tuliizima. Mvua ya Kakamega hupenda alasiri na ibada yetu hupenda kuifikia alasiri, na juu ya mabati mvua ile haina tofauti na lori linalomwaga kokoto. Sauti tunaitoa kwenye miksa. Radi ikianza, kebo inachomolewa, hata kama ni katikati ya baraka.

Mwenyekiti hakosi la kulalamikia. Akiwa ndani ya kanisa, aliwasha laivu kwenye simu ya mjukuu, akagundua kwamba tukiwa ubeti wa tatu, simu iko ubeti wa pili. Nusu dakika nzima! Pesa zote hizi na tumechelewa nusu dakika! Nikamkumbusha Askofu Hannington. Mwezi Oktoba 1885 alipumzika hapa hapa Mumias, enzi hizo misafara ikipaita Kwa Sundu, kisha akavuka kuelekea Busoga, ambako aliuawa mwisho wa mwezi huo huo. Habari zake zilikwenda pwani kwa miguu ya watu, na Uingereza ilikaa majuma mengi ikimwombea safari njema marehemu. Mwenyekiti akasema Hannington hakununuliwa kamera.

Sasa tufike kwenye aibu yenyewe.

Kijana alipata nafasi Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, pale Kakamega mjini. Tulimfanyia sherehe, tukampa godoro, ndipo mtu akauliza rimoti ataishika nani. Kijana akatutuliza: kamera ina akili, ina kitufe cha kufuata mtu. Ukimwonyesha mchungaji mara moja, kichwa cha kamera kitamfuata mwenyewe popote aendapo. Na kwa Jumapili mbili ilifanya hivyo. Mchungaji wetu si wa kusimama mahali pamoja, huhubiri kwa miguu, na kamera ilimfuata kwa utulivu, bila ile tabia ya bundi. Nilianza hata kujisifu kwa jirani.

Jumapili ya tatu nilikuwa nimekula, usiku wa kuamkia, mrenda uliolala. Basi.

Walichoniambia walioona ni hiki. Mchungaji alikuwa amesimama kimya, ametoa kitambaa anajipangusa jasho. Mimi nikapita mbele yake. Kamera ikaona mtu mmoja hatembei na mwingine anatembea, ikaamua kwamba anayetembea ndiye mhubiri. Ikanichukua. Ikanipitisha mbele ya kina mama, ikanifikisha mlangoni, na mlango ulipofunguka ikanivuta karibu ili nisipotee. Nilipopinda kona, haikukata tamaa. Ilibaki ikiutazama mlango. Dakika nne za mlango, wapendwa. Na kwa kuwa sauti ilitoka kwenye miksa, mlango ule ulikuwa unahubiri, tena hotuba ya siku hiyo ilimhusu Yona, mtu aliyedhani anaweza kutoka pale alipo na kwenda asikoonekana. Kisha nikarudi, ninakaza mshipi. Kamera ikanitambua, ikanipokea, ikanirudisha hadi benchi la tano, ikanikalisha, na hapo ikatulia juu yangu hadi sala ya kufunga.

Nilikwenda kwenye kamati na sheria mkononi. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nikauliza: idhini yangu iko wapi? Mweka hazina akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza barua ya mashtaka kanisa litaijibu kupitia ofisi gani. Kwa kawaida, nikasema, kupitia katibu. "Basi ukishajiandikia, ujijibu," akasema, "na nakala utuletee." Watu sita walicheka. Mzee wa Utatu alicheka bila kuamka.

Nirudi kwenye ile simu ya Jumatatu, maana sikumaliza kuisimulia. Mpwa wangu alipokwisha kucheka, alinyamaza, nikasikia mashine za kufulia zikizunguka nyuma yake. Doha Jumapili ni siku ya kazi. Wakristo wa kule husali Ijumaa, Mesaimeer, yalipo makanisa yao. Laivu yetu mpwa wangu huitazama kazini kwa kuibia, sikio moja. Akasema:

"Lakini Khotsa, ilipokufuata ilimpita mama."

Dada yangu hukaa benchi la tatu, upande wa kina mama, karibu na ule mlango.

"Nimemwona sekunde mbili. Nimesimamisha hapo, nimepiga picha ya kioo. Miaka miwili na miezi mitano, Khotsa. Kwa simu huwa anashika vibaya, ninaona paji la uso na dari. Amekonda?"

Nikamwambia hajakonda, ni kitambaa alichofunga. Akaniuliza mara mbili zaidi. Kisha akauliza kama haiwezekani, Jumapili ijayo, mtu aende tena msalani.

Kijana alipokuja wikendi nilimfuata kwenye meza ya mitambo nikiwa nimejiandaa kumgombeza, nikajikuta ninaongea kwa kunong'ona. Rimoti ile ina vitufe vya kukumbuka, kutoka 0 hadi 9. Unaielekeza kamera, unaweka zumu unayotaka, unahifadhi. Siku nyingine unabonyeza namba tu na inageuka yenyewe hadi pale pale. 1 ni mimbari. 2 ni kwaya. 3 ni meza ya sadaka, mweka hazina aliidai mwenyewe. Tukaweka 4. Binti wa kidato cha pili tuliyemfundisha rimoti tukamwambia kwamba wakati wa wimbo wa pili abonyeze 4, ahesabu hadi kumi, arudi 2. Kitufe cha kufuata mtu nilikifunika kwa plasta ya vidonda.

Tulidhani ni siri. Jumapili ya kwanza ilipita. Ya pili, mtu wa Minnesota, ambaye kwake saa nne yetu ya asubuhi ni saa nane ya usiku, aliandika kwenye maoni: "Na sisi tuna mama." Wa Riyadh akaandika kwamba baba yake hukaa karibu na nguzo, koti la kijivu. Mwingine alisema ametuma za harambee mara tatu na hajaonyeshwa hata kiatu cha bibi yake. Dada yangu naye habari zikamfikia. Tangu hapo hasinzii. Anafika saa moja na nusu asubuhi, kitambaa kimepigwa pasi, na mahubiri yote hamtazami mchungaji, anatazama nguzo. Jumapili iliyopita alikuta mama mwingine amekaa mahali pake. Sitaeleza yaliyosemwa. Niseme tu kwamba kamera ilirusha picha, sauti ikabaki ile ya miksa, na kwa hilo ninaishukuru miksa.

Kijana anasema kamera yenyewe, ukiiamrisha kwa kompyuta badala ya rimoti, inakumbuka sehemu 255. Kanisa zima, tukijihesabu na watoto, hatufiki hapo. Kwa hiyo kamati imeniagiza, mimi, aliyeaibishwa, niandike orodha: nani apewe namba gani, wimbo gani, sekunde ngapi. Mweka hazina anataka kila namba ilipiwe kwa M-Pesa. Mama Mchungaji anataka wajane watangulie. Mwenyekiti anataka 5, na anataka iwe karibu kidogo kuliko ile ya dada yangu.

Nimefika namba 31. Mlango wa ubavuni hauna namba, na hautapewa. Hilo nimeliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwa wino, na nimelipigia mstari.